Kuchora ukame kwa mtindo dhahania: mwongozo kamili, kutoka udongo hadi vanishi

Wengi wakitaka kuchora ukame huanza na jua jekundu, mgunga mmoja na fuvu la ng'ombe. Aliyekaa Longido, Simanjiro au Kajiado wakati mvua zimegoma anajua kwamba ukame una weupe kuliko wekundu. Saa saba mchana mbingu huwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Vumbi hufuta mstari ambapo ardhi hukutana na anga. Nyasi zilizokuwa za dhahabu mwezi Juni hugeuka rangi ya mfupa, halafu hazipo tena, na kilichobaki ni udongo wenye alama za kwato.

Ninachora nyanda hizo kwa mtindo dhahania, yaani kwa mistari na rangi bila kuiga vitu vilivyo, kwa sababu ukame wenyewe hufanya kazi hiyo. Unaondoa majani, kisha vivuli, kisha mipaka kati ya kitu na kitu, mpaka nchi inabaki mistari na madoa. Mbinu ninayoeleza hapa imejengwa juu ya wazo moja: chora masika kwanza, ardhi ikiwa na maji na majani, kisha iondoe tabaka kwa tabaka hadi kibaki kidogo kinachochungulia. Tenga wiki mbili. Siku nyingi ni za kusubiri vitu vikauke.

Kaa na ardhi kwanza

Chagua mahali pamoja unapoweza kufika mara mbili, asubuhi na mchana. Mahali padogo panatosha: lambo lililokauka, njia ya ng'ombe, ukingo wa korongo. Beba daftari, penseli, mkaa, mifuko sita ya plastiki, na kipande cha kadibodi ulichokata tundu la mraba la sentimita 5 katikati. Tazama ardhi kupitia tundu hilo ukilisogeza taratibu. Ukiona umbo linalosimama lenyewe bila kuhitaji jina la mti au mlima, lichore haraka kwenye daftari. Fanya kumi au kumi na tano, kila kimoja kisizidi dakika tatu.

Ukimkuta mzee na mifugo, mwamkie na umweleze unachofanya kabla ya kutoa daftari. Kimaasai kina maneno mengi ya rangi na mabaka ya ng'ombe, na jicho lililozoea kutofautisha mifugo kwa namna hiyo huiona ardhi vilevile. Muulize anaitaje rangi ya udongo ule pale, na ule mwingine kando yake ambao wewe ulidhani ni uleule. Mizoga usiipige picha mbele ya mwenye mali. Mwaka 2009 ukame ulimaliza ng'ombe wengi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania pale Namanga, na katika bonde la Amboseli nyumbu na pundamilia walikufa kwa wingi. Kisha kuanzia Oktoba 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, kaskazini mwa Kenya ikiwemo. Unayesimama mbele yake huenda amepoteza zizi zima. Hilo liingie kwenye mkono wako unapochora, hata kama halitaonekana kama umbo.

Kuna mambo manne ya kutafuta, na kila moja linaweza kuwa picha nzima.

La kwanza ni nyufa. Udongo mweusi wa mbuga, yaani wa bonde tambarare linalotuama maji ya mvua, una mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kusinyaa huko ndiko kunakoupasua. Ziangalie pembe zake. Tope likikauka kwa mara ya kwanza, ufa mpya hukutana na wa zamani karibu kwa pembe mraba, nyuzi 90, kama herufi T. Tope lililolowa na kukauka mara nyingi hubadilika pole pole: nyufa tatu hukutana katika nukta moja kwa nyuzi 120 hivi, na vipande huanza kufanana na pembesita. Kwa hiyo lambo lililokauka mwaka huu tu na mbuga iliyokauka kila kiangazi kwa miaka mingi havina mchoro mmoja. Ukichora nyufa kama utando wa buibui, anayeifahamu ardhi ataona mara moja kwamba hukwenda.

La pili ni njia. Mifugo yote inaelekea maji, hivyo kisima au lambo huzungukwa na duara la ardhi tupu, na kutoka duara hilo vijia hutawanyika kila upande, vinene karibu na maji, vyembamba kadiri vinavyokwenda mbali. Panda kilima kidogo uione. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiunzi chenye nguvu kuliko vyote, kwa kuwa kina historia ya kila siku ya watu na wanyama bila kuchora hata mmoja wao.

La tatu ni mpaka wa malisho yaliyohifadhiwa, ambayo Wamaasai wa Tanzania huyaita alalili. Upande mmoja kuna nyasi kavu zilizosimama, upande wa pili hakuna kitu. Mstari mmoja, rangi mbili zinazokaribiana mno. La nne ni vumbi lenyewe, linalofanya vitu vya mbali viwe vyeupe na visiwe na kingo.

Chagua moja tu. Picha nyingi za ukame hufa kwa sababu mchoraji alitaka nyufa, njia, vumbi na machweo kwenye ubao mmoja.

Rangi kutoka chini ya miguu yako

Unaweza kununua rangi zote dukani. Lakini udongo wa mahali unapopachora una ukavu ambao rangi ya kopo haina, na kuutengeneza hakugharimu pesa. Kwenye nyanda zetu kavu mpangilio huwa mara nyingi hivi: mwinuko una udongo mwekundu, mteremko una wa kahawia au manjano, na bondeni kuna ule mweusi wa mbuga. Kwa kutembea nusu saa kutoka juu kwenda chini unaweza kupata rangi tatu au nne. Chukua kiasi cha vikombe viwili kila mahali, na omba ruhusa kama ardhi ina mwenyewe.

Nyumbani, ondoa mawe na mizizi, twanga kidogo kwenye kinu, kisha mimina udongo kwenye ndoo yenye maji mengi na koroga. Hesabu hadi 60. Mchanga utakuwa umezama. Mimina yale maji yenye tope kwenye ndoo ya pili, na mchanga uliobaki chini uweke kando, utakuja kuutumia. Acha ndoo ya pili itulie siku nzima, mwaga maji ya juu yaliyo safi, tandaza tope kwenye sinia ulianike. Likikauka, saga na uchekeche kwa chujio laini la chai au kitambaa cha wavu. Vaa barakoa wakati wa kusaga, vumbi hili linaingia ndani sana kwenye mapafu.

Tahadhari moja kuhusu udongo mweupe wa Amboseli, Ziwa Natron au jangwa la Chalbi. Unavutia, lakini una chumvi na magadi. Ukiupaka bila kuuosha, baada ya wiki chache chumvi hutoka juu ya picha kama ukungu mweupe na kuibandua rangi. Uoshe kwa maji mara tano au sita, kila mara ukiacha utulie na kumwaga maji ya juu. Kujua kama umetosha, weka tone la maji hayo juu ya sahani nyeusi likauke. Likiacha duara jeupe, osha tena. Ukikosa subira, tumia rangi nyeupe ya kawaida na udongo huo uuache kwenye kopo kama kumbukumbu.

Udongo wa manjano una zawadi ya ziada. Manjano yake inatokana na madini ya chuma yaliyofunga maji ndani yake. Uweke kwenye kikaango cha zamani juu ya jiko la mkaa lenye moto mkali, koroga kwa nusu saa au zaidi, na utaona unageuka rangi ya chungwa na hatimaye mwekundu. Moto umefukuza yale maji. Unapata rangi nzima ya picha yako kwa kukausha, na mimi kila nikikoroga kikaango hicho najisikia tayari nimeanza kuchora. Toa kidogo kidogo njiani ili uwe na hatua tatu au nne kati ya manjano na nyekundu.

Kuchanganya: vijiko 2 vya unga wa udongo, kijiko 1 cha gundi nyeupe ya maseremala, maji kidogo mpaka iwe kama mtindi. Paka kwenye karatasi, acha ikauke, pitisha kidole. Kidole kikitoka na rangi, ongeza gundi. Ikiwa inang'aa, umezidisha.

Ubao

Kwa picha ya nyufa tumia ubao, usitumie kitambaa. Kitambaa hunepa na tabaka nene litadondoka. Plaiwudi ya milimita 9 au hadibodi ya sentimita 60 kwa 80 inatosha. Hadibodi isikufanye ujione duni: Edward Saidi Tingatinga alianza na vipande vya mbao za namna hiyo na rangi za baiskeli Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na mtindo uliobeba jina lake bado upo. Gundisha fito mbili za mbao nyuma zipishane ili ubao usijikunje, piga gundi iliyopunguzwa kwa maji nusu kwa nusu mbele na nyuma, pitisha msasa, kisha rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili.

Kama umechagua njia au vumbi badala ya nyufa, marikani iliyovutwa kwenye fremu ni nzuri kuliko ubao, kwa sababu inakunywa rangi ya udongo na kuacha madoa yenye kingo laini.

Chora masika

Hapa wanafunzi husita, maana wanaombwa wachore kile ambacho hawakukiona. Paka ubao wote kwa kijani, buluu ya maji, manjano changa ya majani yanayochipua. Usichore mti wala mto. Weka madimbwi ya rangi mahali ambapo maji yangekaa, na mikondo mahali yangepita, ukifuata michoro ya daftari lako. Fanya kwa moyo wote, kwa rangi zilizoshiba, kama vile hiyo ndiyo picha ya mwisho. Tabaka lililochorwa kwa uvivu huonekana la uvivu hata likichungulia kwenye ufa wa milimita mbili.

Acha likauke siku mbili kamili.

Nyufa kwa njia mbili

Njia rahisi ni ya gundi. Mimina gundi nyeupe juu ya masika yako, isambaze kwa kipande cha kadibodi iwe na unene wa milimita 1 hadi 2, mahali pengine nene zaidi, mahali pengine hakuna kabisa. Ubao uwe umelala. Subiri mpaka uso wa gundi uanze kujifunga: ukiugusa, kidole kinanata lakini hakitoki na gundi. Arusha wakati wa baridi inaweza kuchukua karibu saa nzima, kwenye joto kavu dakika ishirini zinatosha. Sasa paka juu yake rangi ya maji nzito uliyochanganya na unga wa udongo. Pitisha mara moja tu. Ukirudia brashi mahali palepale, utaburuta gundi na kuharibu. Ndani ya dakika chache rangi inaanza kupasuka, na kwa kuwa gundi ikikauka huwa angavu, kijani cha chini kinaonekana ndani ya kila ufa.

Unene wa gundi ndio unaoamua upana wa ufa. Mwelekeo wa brashi ndio unaoamua mwelekeo wake: ukipaka kwa mistari, nyufa zitafuata mistari. Ukitaka mtandao unaofungana kama wa mbuga, gonga rangi kwa sifongo au tumia rola. Jaribu kwenye vipande vitatu vya mabaki kabla ya kugusa ubao wako. Wengi huruka jaribio hilo, na gharama yake ni ubao mzima.

Njia ya pili ni ya mfinyanzi, na ndiyo ninayoipenda. Mchoraji Mwitaliano Alberto Burri aliitumia katika miaka ya 1970 baada ya kuathiriwa na nchi kavu ya Death Valley huko Marekani. Alichanganya udongo mweupe wa kaolini na gundi ya vinili, akauacha mchanganyiko upasuke wenyewe ukikauka, kisha akausimamisha kwa gundi alipoona imetosha. Baadaye, huko Gibellina kisiwani Sicily, alifunika magofu ya mji ulioangushwa na tetemeko la 1968 kwa saruji nyeupe yenye mifereji inayofanana na nyufa hizo, na watu hutembea ndani yake.

Kwa udongo wetu wa mbuga: sehemu 3 za unga wa udongo, sehemu 1 ya gundi, maji mpaka uwe uji mzito. Ongeza ule mchanga uliouweka kando, kiganja kimoja, kama unataka uso mkavu zaidi. Utandaze kwa mwiko mdogo wa fundi, unene wa milimita 4 au 5, na uzidi katikati ya sehemu unayotaka ipasuke sana. Anika kivulini siku mbili hadi tatu. Jua kali hufanya vipande vijikunje kingo kama chapati iliyoachwa, jambo ambalo wakati mwingine ndilo unalolitaka. Gundi ikizidi, hakuna ufa. Ikipungua, vipande vinabanduka. Vikishakauka, dondoshea gundi iliyopunguzwa kwa maji ndani ya kila ufa kwa brashi nyembamba, pole pole, ubao mzima. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato.

Kuondoa

Sasa una ubao wenye masika chini na ukoko juu. Hapa ndipo uchoraji wenyewe huanza.

Changanya rangi za kati: nyeupe yenye udongo kidogo, kijivu kilichotokana na udongo mweusi na nyeupe, manjano iliyofifia. Rangi nyeusi ya kopo iache, ina ubaridi unaoua vumbi. Weka tabaka jembamba sana, karibu maji matupu, kisha lifute kwa kitambaa kikavu kabla halijakauka, likae mabondeni tu. Rudia mara nne au tano. Upande mmoja wa ubao uache ufifie zaidi ya mwingine, kama mahali ambapo vumbi limesimama. Kwenye ukingo wa vitu usipige mstari. Zifanye rangi mbili zikaribiane mpaka tofauti yake ionekane tu ukisogea.

Kisha chukua msasa namba 120 na sugua mahali pachache, kwa mwelekeo wa upepo uliouona siku ile. Kijani kitaanza kutokea. Simama mapema kuliko unavyotaka. Nilipoanza nilikuwa nasugua mpaka kijani kinapendeza, na picha ikageuka bustani. Siku hizi naacha kiasi ambacho mtu aliyesimama hatua nne asikione, na akisogea akione. Brashi ya waya na ncha ya msumari vinafaa kwa njia za ng'ombe: kwaruza kutoka kingo za ubao kuelekea nukta moja, lakini nukta yenyewe usiichore. Mahali pa maji paache patupu.

Kuhusu anga, ushauri wangu ni kuiondoa kabisa au kuibana juu kwenye sentimita tatu za mwisho. Fred Williams wa Australia, nchi inayoujua ukame vizuri, alichora nyanda zake mara nyingi namna hiyo: ardhi imesimama kama ukuta, miti ni madoa yaliyotawanyika, upeo haupo au umesukumwa juu. Mtazamaji akikosa anga hana pa kukimbilia, anabaki na ardhi.

Rangi moja yenye nguvu inaruhusiwa, ndogo kuliko kucha. Nyekundu ya shuka, buluu ya dumu la maji. Iweke mwisho, na kama una shaka nayo, iondoe.

Kujua imetosha

Igeuze picha kichwa chini na uitazame kutoka ng'ambo ya chumba. Ipige picha kwa simu, uifanye ya nyeupe na nyeusi: ikiwa sehemu zote zina kijivu kimoja, rudi uongeze giza ndani ya nyufa chache. Ikiwa kuna giza na mwanga vinavyopigana kila mahali, futa kwa tabaka la vumbi. Baadaye mwonyeshe mtu wa kule ulikochora, usimwambie ni nini. Akisema ni ramani, ngozi ya ng'ombe au uso wa mtu mzee, msikilize mpaka amalize. Akiuliza "hapa ni upande gani wa lambo?", usiguse tena.

Maliza kwa vanishi isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba za kupuliza, kwa kuwa brashi inaweza kung'oa vipande. Vanishi inayong'aa huirudishia ardhi unyevu uliohangaika kuuondoa. Picha ikienda Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, ziba pia nyuma na kingo kwa vanishi, maana unyevu wa pwani huingia kwenye mfinyanzi na kuulegeza. Isafirishe ikiwa imelala, uso juu.

Nyuma ya ubao andika mahali ulipochukua udongo, mwezi na mwaka, na kama vuli au masika ya mwaka huo yalinyesha. Udongo uliobaki utie kwenye kopo lenye kifuniko, ubandike maelezo hayohayo. Mvua zikirudi, nenda uchukue kikombe kingine palepale.